Komoro kwenye Michezo ya Dunia: Maswali Tunayoulizwa Barazani Tanga

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga, chini ya mkungu unaomwaga majani mwaka mzima. Olimpiki ikifika tunaitoa runinga nje, tunatandika mikeka, muuza kahawa anahamishia jiko lake kwetu, na tunakaa kuisubiri timu ambayo mpita njia hategemei kuikuta ikishangiliwa Tanga: Komoro. Watu husimama, hutazama, huuliza. Vijana huuliza kwa ujumbe wa simu. Maswali yamekuwa yale yale kwa miaka, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, ili atakayekuja kesho apate pa kuanzia.

Tanzania ipo. Kwa nini mnaishangilia Komoro?

Tanzania tunaishangilia kwanza, hilo halina mjadala. Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, kwetu ilikuwa bado hata adhana ya alfajiri, na waliokuwa macho waliamsha mtaa mzima.

Lakini undugu wa mwambao hauishii kwenye mpaka. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, akaletwa Tanga akiwa msichana, na kaburi lake liko hapa hapa. Akipewa kitu alisema "marahaba", nasi wajukuu tulidhani anaitikia shikamoo ambayo hakuna aliyeitoa. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kwao marahaba ndiyo asante. Ulizia nyumba kwa nyumba Ngamiani, hutakosa kumpata mwenye babu au shangazi wa huko.

Tena tuna samaki wa pamoja. Timu ya mpira ya Komoro inaitwa Silikanti, kwa jina la yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za mijusi wakubwa, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili aliwafikia wataalamu kutoka Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mwaka 1952, na wavuvi wa huko wala hawakushangaa, maana walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombesa. Miaka ya 2000 akaanza kunasa kwenye nyavu zetu, upande wa Kigombe, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga. Kwa hiyo nikimwona kijana amevaa jezi ya Komoro yenye huyo samaki, naona mnyama anayeishi chini ya mawe ya bahari ninayoiona kila siku.

Komoro yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Visiwa vitatu vinavyojitawala: Ngazidja, Nzwani na Mwali. Mji mkuu ni Moroni, ulioko Ngazidja. Wakazi wote hawafiki milioni moja. Mkoa wa Tanga peke yake ulihesabiwa kuwa na watu milioni 2.6 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo nchi nzima ya Komoro haifiki nusu ya mkoa wetu. Kutoka hapa hadi Moroni ni zaidi ya kilomita 800 za bahari, kusini mashariki.

Walianza lini kwenda Olimpiki, na wamepata nini?

Uhuru waliupata Julai 6, 1975. Olimpiki yao ya kwanza ilikuwa Atlanta, 1996. Tangu hapo hawajakosa hata moja ya majira ya joto. Ya majira ya baridi hawajawahi kwenda. Medali hawajapata.

Majina tunayoyakumbuka barazani ni ya wakimbiaji zaidi. Hadhari Djaffar wa mbio fupi, aliyekuwa Athens mwaka 2004. Feta Ahamada, mita 100 wanawake, Beijing 2008 na tena London 2012. Rio mwaka 2016 walikuwepo Maoulida Darouèche wa mita 400 kuruka viunzi na Denika Kassim wa mita 100. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, wakaenda watatu tu: Fadane Hamadi wa mita 110 viunzi, Amed Elna wa mita 100, na Housni Thaoubani wa judo.

Watu watatu nao ni timu?

Ni timu. Wana bendera, mkuu wa msafara, kocha, daftari la majina, na chumba chao kwenye kijiji cha wanamichezo kama Marekani ilivyo na vyake. Siku ya ufunguzi spika hutaja jina la nchi yao kwa sauti ile ile inayotaja China.

Na kabla hatujawahesabu wenzetu vichwa, tujihesabu sisi. Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 60 ilipeleka wanamichezo saba Paris mwaka 2024. Ukigawa kwa idadi ya watu, Mkomoro ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona jirani yake Olimpiki kuliko Mtanzania.

Wanafuzu vipi, kama viwango vyenyewe ni vya juu hivyo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kwa namna ya kushuku, kana kwamba kuna mlango wa nyuma. Mlango upo, lakini ni wa mbele, na umeandikwa kwenye kanuni.

Mwanariadha wa kawaida anafuzu kwa kufikia muda uliowekwa au kwa nafasi yake kwenye orodha ya ubora duniani. Nchi ikikosa hata mtu mmoja aliyefuzu hivyo kwenye riadha, inaruhusiwa kupeleka mkimbiaji wake bora. Kwenye kuogelea upo utaratibu unaofanana na huo, na michezo kama judo ina kamati inayogawa mialiko kwa nchi zenye timu ndogo. Lengo limesemwa wazi: Olimpiki iwe ya dunia yote, si ya nchi ishirini zenye viwanja vya kisasa. Sisi barazani tunaziita nafasi za mwaliko.

Mwaliko haumpi mtu fainali. Kwenye mita 100, wengi wa waalikwa wanaanzia kwenye mchujo wa awali, unaokimbiwa asubuhi kabla mabingwa hawajaamka vizuri. Ukishinda hapo, au ukawa na muda mzuri, unaingia raundi ya kwanza pamoja na wakubwa. Ukishindwa, safari yako imeishia hapo, chini ya sekunde kumi na tatu tangu mlio wa bastola.

Watu hupenda kumtaja Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyetoka Malabo, mji wa kisiwani pia. Sydney, mwaka 2000, aliogelea mita 100 mtindo huru. Walipangwa watatu, wawili wakaenguliwa kwa kuanza mapema, akabaki peke yake kwenye bwawa zima. Hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50 kabla ya kufika huko. Mita hamsini za kwanza alikwenda, za pili mikono ikawa mizito, ukaona kabisa anapigania pumzi, na uwanja wote ukasimama kumsukuma kwa sauti hadi akagusa ukuta. Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 52.72, wakati wenye mchezo huo walikuwa wanakwenda kwa sekunde 48 hivi. Wengi wanaisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi naomba ikisimuliwa barazani kwetu isimuliwe hadi mwisho: baadaye alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa ya kuogelea ya nchi yake.

Lakini kusafiri mbali hivyo kwenda kushika mkia, si aibu kwa taifa?

Mzee mmoja aliniuliza hivi, na hakuwa na nia mbaya. Nilimjibu kwa kumwonyesha.

Tulikuwa na marudio ya mchujo wa awali wa mita 100 wanawake kwenye simu. Nikamwambia, usiangalie anayeongoza, mwangalie huyu wa Komoro tu. Anaingia, anapima hatua zake nyuma ya vibao vya kuanzia, anavirekebisha kimoja mbele kimoja nyuma. Anatikisa mapaja. Jina lake linatajwa, anainua mkono, na uso hautabasamu. Anapiga magoti, vidole kwenye mstari, kiuno kinapanda. Kimya. Bastola. Hatua tatu za kwanza yuko sawa na wenzake kabisa, unaweza kuweka rula vichwani mwao. Kufika mita thelathini wanaanza kumwacha. Hapo ndipo nilimwambia mzee atazame: mabega hayakupanda, mikono haikuyumba, hakugeuza shingo kuona wengine wako wapi. Alikimbia mbio zake hadi mstari. Muda ulipotokea kwenye ubao aliinama, akausoma, akaondoka.

Mzee akakaa kimya, kisha akauliza, "Muda wake wa zamani ulikuwaje?" Nikajua ameelewa. Mkimbiaji wa nchi ndogo anashindana na saa yake mwenyewe. Hata wa saba kwenye mchujo anaweza kuwa amekimbia haraka kuliko alivyowahi kukimbia maisha yake yote, na hilo halionekani kwenye jedwali la medali. Tabia ya kuuliza "wa ngapi?" peke yake inatunyima nusu ya mchezo. Uliza pia: muda gani, na mara ya mwisho ulikuwa gani?

Kuhusu mkia, tuwe waangalifu na midomo yetu. Tanzania imekwenda Olimpiki tangu 1964 na ina medali mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Zimepita zaidi ya miaka arobaini.

Kwani kisiwa kidogo kinaweza kweli kupata medali?

Kinaweza, na tumekiona kwa macho yetu.

Agosti 3, 2024, saa nne usiku imepita kwa saa zetu, fainali ya mita 100 wanawake Paris. Mvua imelowesha uwanja. Kila mtu anamtazama Sha'Carri Richardson wa Marekani. Anayetoka mbele na asiyeguswa hadi mwisho ni Julien Alfred wa Saint Lucia, kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika laki mbili. Sekunde 10.72. Ilikuwa medali ya kwanza ya nchi yake tangu Olimpiki iwepo, na ikawa ya dhahabu. Siku chache baadaye akaongeza ya fedha kwenye mita 200. Usiku ule ule, upande wa pili wa uwanja huo huo, Thea LaFond wa Dominica aliruka mita 15.02 kwenye miruko mitatu na kuchukua dhahabu, nayo ya kwanza ya nchi yake. Dominica ina watu kama elfu sabini. Muuza kahawa wetu alizima jiko siku ile, akasema haiwezekani auze wakati watu wanalia.

Wengine wapo. Kirani James wa Grenada alishinda mita 400 London mwaka 2012. Fiji ilichukua dhahabu ya raga ya wachezaji saba Rio, 2016. Cabo Verde, ndugu zetu wa visiwa vya Atlantiki, walipata medali yao ya kwanza Paris kwa ngumi za David de Pina, shaba. Huku kwetu Bahari ya Hindi, Morisi wana shaba ya Bruno Julie, ngumi pia, Beijing 2008. Shelisheli, Maldivi, Madagaska na Komoro bado wanasubiri.

Sasa, kwa nini Saint Lucia na si Komoro? Udogo si sababu, kama ulivyoona. Alfred alianza kwa kukimbia peku kwao, lakini alipofika miaka 14 alihamia Jamaika, kisha akaenda chuo kikuu Texas. Karibi wana mfereji: mashindano ya shule yanayojaza viwanja, makocha wanaokaa na stopwochi kila wiki, na vyuo vya Marekani vinavyokuja kuokota vipaji. Mtoto wa Mitsamiouli au Mutsamudu, miji ya Komoro, hana mfereji huo. Ngazidja yenyewe ni mwamba wa volkano, Karthala umesimama katikati kwa mita 2,361, na ardhi tambarare ya kuweka uwanja ni ya kutafuta. Watu wa huko wanaotaka kwenda mbali kimichezo wengi huishia Ufaransa, kwa sababu ndiko walikojaa ndugu zao.

Watu wa visiwani wamezaliwa baharini. Mbona hawatambi kwenye kuogelea?

Kwa sababu bahari si bwawa. Nimewaona vijana wa Sahare wakiruka kutoka kwenye ngalawa na kuzama wakatoka mbali hadi mama zao wanashika vichwa. Ukimweka mmoja kwenye bwawa la mita 50 atapotea kwenye mambo matatu: kuruka kutoka kwenye kibao, kugeuka ukutani, na kwenda mstari ulionyooka huku uso uko chini. Baharini unainua kichwa ili uone wimbi. Bwawani ukiinua kichwa, miguu inazama na sekunde zinakwenda. Hizo ni stadi za kufundishwa, zinahitaji bwawa lenye vipimo na mtu wa kukuamsha saa kumi na moja alfajiri. Tanga nzima tunayo mabwawa mangapi ya hivyo? Komoro nao wako hapo hapo tulipo.

Kwa nini Zanzibar haina timu yake Olimpiki, wakati Komoro inayo?

Hili huleta ubishi hadi kahawa ipoe. Jibu liko kwenye kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC): inayotambuliwa ni nchi huru inayokubaliwa na jumuiya ya kimataifa. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo wanamichezo wake wanakwenda chini ya bendera ya Tanzania. Bermuda na Puerto Rico si nchi huru na bado zina timu, ni kweli, ila ziliingia kabla kanuni hiyo haijakazwa miaka ya 1990. Kwenye mpira wa ukanda wetu mambo ni mengine. Zanzibar inacheza Chalenji kwa jina lake, na ililibeba kombe hilo mwaka 1995.

Na Maore je? Bendera ya Komoro ina nyota nne, visiwa mnasema vitatu.

Umeangalia vizuri. Mistari minne, ya njano, nyeupe, nyekundu na buluu, na nyota nne kwenye pembetatu ya kijani, zote zinahesabu Maore ndani. Maore ndiyo ile inayoandikwa Mayotte kwa Kifaransa. Visiwa vingine vilipojitenga na Ufaransa, Maore ilibaki, na tangu 2011 ni jimbo kamili la Ufaransa. Komoro inasema kisiwa ni chake. Mwanamichezo wa Maore akifika Olimpiki, anavaa jezi ya Ufaransa.

Jambo hili limewahi kuvunja mashindano. Kwenye Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, Maore inaruhusiwa kushiriki, kwa makubaliano kwamba itumie bendera ya michezo yenyewe. Mwaka 2015, huko Réunion, siku ya ufunguzi, wanamichezo wa Maore waliingia uwanjani na bendera ya Ufaransa. Ujumbe wa Komoro ukajitoa kwenye mashindano yote.

Fikiria wale vijana. Umejiandaa miaka minne, umefika, jezi umeshavaa, kisha unaambiwa funga begi. Sina neno la kuwalaumu viongozi wao, maana bendera kwa nchi iliyokatwa kipande si kitambaa. Ila moyo wangu uko kwa yule binti wa mbio fupi ambaye umri wake wa kukimbia haukusubiri mzozo uishe.

Hiyo Michezo ya Visiwa ndiyo ipi? Mbona haionyeshwi?

Ni mashindano ya michezo mingi, kama Olimpiki ya kwetu. Ilianza Réunion mwaka 1979, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Washiriki ni Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli, Maldivi, Réunion na Maore. Ya 2019 ilikuwa Morisi, ya 2023 Madagaska, Bukini ya wazee wetu.

Kwa timu ndogo, hapa ndipo mahali pa kuipima. Olimpiki mkimbiaji wa Komoro anakutana na Jamaika. Hapa anakutana na Shelisheli. Anaweza kuingia fainali, anaweza kupanda jukwaani, wimbo wa taifa lake ukapigwa: Udzima wa ya Masiwa. Ukilisoma jina hilo polepole, Mswahili, utaona huhitaji mkalimani. Ni umoja wa visiwa.

Siku ile kipa alikuwa beki, ndiyo Olimpiki hiyo?

Hapana, hiyo ni Kombe la Mataifa ya Afrika, ni mpira tu. Lakini kwa kuwa kila mtu anaiulizia: Januari 2022, Kameruni. Komoro, mara yao ya kwanza kufika huko, waliifunga Ghana 3-2 na kuvuka makundi. Hatua ya mtoano wakapangiwa wenyeji. Makipa wao wakawa hawapo, kwa maradhi na majeraha, hivyo beki Chaker Alhadhur akavaa jezi ya kipa, namba yake 3 imebandikwa kwa utepe. Nahodha Nadjim Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu dakika za mwanzo kabisa. Kumi dhidi ya kumi na moja, kipa si kipa, na wakafungwa 2-1 tu, huku Youssouf M'Changama akifunga kwa mpira wa adhabu wa mbali ambao hapa Ngamiani watoto waliuigiza mwezi mzima. Waliojaa Mkwakwani kutazama Coastal Union wanajua wenyewe: zipo mechi unazofungwa na bado unatembea kifua mbele kurudi nyumbani.

Ni kweli Michezo ya Visiwa ya 2027 imepewa Komoro? Tunaweza kwenda?

Ni kweli, Komoro ndiyo iliyopewa uenyeji wa 2027, na itakuwa mara yao ya kwanza. Moroni kuna uwanja wa Malouzini. Tayari barazani kuna watu wameanza kuweka akiba kwenye kibubu.

Njia rahisi ni ndege kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazidja. Kwa chombo cha baharini wapo wanaosafiri, lakini mimi siwashauri wenye watoto na wazee. Mkondo ule si wa kuchezea, na kusi ikivuma inavuma kweli. Pasi ya kusafiria ishughulikieni mapema, msisubiri wiki ya mwisho. Pesa yao ni faranga ya Komoro. Wasafiri wanaojua Kifaransa watapata wepesi kwenye ofisi, lakini sokoni Kiswahili chako kitafika mbali kuliko unavyodhani, hasa kwa wazee.

Vaeni kwa heshima, salimieni kila mtu, na ukipewa kitu useme marahaba. Bibi angefurahi.

Mwanangu ana miaka 11, anakimbia sana. Nimpeleke wapi hapa Tanga?

Nimefundisha michezo shule ya msingi kwa muda mrefu, na swali hili nalipenda kuliko yote. Anza shuleni. UMITASHUMTA ndiyo ngazi ya shule za msingi, UMISSETA sekondari. Mwalimu wa michezo akiwa mzembe, mfuate, mkumbushe, mkumbushe tena. Ukiona shuleni hapasogei, waulize viongozi wa riadha wa mkoa.

Lakini hata kabla ya hapo, mpime. Jumamosi moja nilikwenda ufukweni Raskazone na mjukuu wa jirani, binti wa miaka kumi na mbili. Maji yalikuwa yametoka, mchanga umekaza. Tulichukua mshipi wa kuvulia tuliokuwa tumeupima nyumbani mita hamsini, tukaunyoosha mara mbili, tukachomeka kijiti kila mwisho. Nikasimama na simu kwenye kijiti cha pili, nikashusha kitambaa, akaja. Sekunde 16.9. Akahema, akanywa maji, akaniuliza yule Mkomoro wa kwenye runinga alikimbia ngapi. Nikamwambia, sekunde kumi na mbili na ushei.

Akaangalia kile kijiti cha kwanza, akahesabu kwa vidole, akavua kandambili alizokuwa amevaa tena, akasema, "Babu, shusha kitambaa."

Mara ya pili ilikuwa 16.4. Ameandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hisabati, tarehe mbele, na Jumamosi ijayo maji yakitoka tunarudi.